UZI: Kama Al-Mutawakkil asingeuawa usiku ule wa 861, dola ya Bani Abbas ingefika wapi?

Mzee wa Kumbukumbu

Salaam wakuu. Uzi huu nimeukalia wiki nzima, naandika nafuta. Leo mama watoto kaenda harusini na umeme upo, kwa hiyo naushusha kwa mkupuo mmoja. Makosa ya vidole mtanisamehe.

Kila tukifungua mada ya "ingekuwaje kama" humu ndani tunakimbilia Mkutano wa Berlin au Hitler. Leo nawarudisha karne ya tisa, Iraki, enzi za makhalifa wa Bani Abbas, kwenye mji wa Samarra ukingoni mwa Tigris, kama kilomita 125 kaskazini ya Baghdad.

Mji wenyewe ulizaliwa kwa ugomvi. Al-Mu'tasim, mtoto wa Harun Al-Rashid, alipopata ukhalifa mwaka 833 alikuwa tayari na jeshi lake binafsi la vijana wa Kituruki, wengi wao walionunuliwa utumwani wakafundwa vita. Watu wa Baghdad walichoka nao upesi: farasi wanakimbizwa sokoni, vikongwe wanakanyagwa, jioni askari mmoja anaokotwa maiti uchochoroni. Mwaka 836 khalifa akahama nao, akajenga Samarra. Kwa maoni yangu hapo ndipo alipojifungia chumba kimoja na simba halafu akameza ufunguo. Baghdad kulikuwa na matajiri, maulamaa, wahuni na majirani. Khalifa akibanwa na askari wake, kuna umma wa kumshika mkono. Samarra kulikuwa na kasri, kambi, na watu wanaowauzia vitu wa kasri na wa kambi.

Al-Mutawakkil alikalishwa kwenye kiti mwaka 847 na kikundi cha mawaziri na maamiri, baada ya kaka yake Al-Wathiq kufa bila kutaja mrithi. Hakuwa mjinga. Alijua mkono uliomweka unaweza kumtoa. Mwaka 849 alimtega Itakh, mmoja wa maamiri wakubwa waliomweka: jamaa anatoka Hija, akapitishwa Baghdad kwa heshima zote, akatiwa pingu huko mbali na askari wake. Mwaka 858 khalifa akajaribu kuhamia Damascus, akarudi baada ya muda mfupi. Kisha akajijengea mji mwingine kaskazini ya Samarra, huku waziri wake Ubaydallah ibn Khaqan akiandikisha askari wasio Waturuki. Yaani huyu mtu alikuwa anatafuta mlango wa kutokea miaka kumi na minne nzima.

Kilichomponza ni nyumbani. Mwaka 850 aliwataja warithi watatu kwa zamu: Al-Muntasir, Al-Mu'tazz, Al-Mu'ayyad. Baadaye moyo ukahamia kwa Al-Mu'tazz, mtoto wa Qabiha, suria kipenzi. Al-Muntasir akawa anadhihakiwa mbele za watu. Ijumaa ya mwisho ya Ramadhani mwaka 861 khalifa akaamuru Al-Mu'tazz ndiye asalishe, kaka mkubwa akae safu ya nyuma na aibu yake. Miezi kama miwili kabla ya hapo ilikuwa imetoka amri kwamba mashamba ya Wasif, amiri wa Kituruki, yachukuliwe apewe Al-Fath ibn Khaqan, swahiba wa khalifa. Hebu angalieni hesabu hiyo: ndani ya miezi michache umemtukana mrithi wako NA umempora jenerali wako.

Idi ikapita. Siku chache baadaye, mwezi wa Desemba, khalifa yuko kwenye karamu ya usiku. Bugha Al-Sharabi, amiri mwingine wa Kituruki, akawatoa wageni, milango ikafungwa, Baghir na wenzake wakaingia na panga. Al-Fath akajitupa juu ya bwana wake wakafa wote wawili. Asubuhi tangazo likasema Al-Fath ndiye aliyemuua khalifa, na mtoto amelipa kisasi cha baba. Watu wakala kiapo.

Kilichofuata mnakijua au mtakigoogle: Al-Muntasir hakumaliza hata mwaka. Al-Musta'in akawekwa kwa sababu Waturuki waliogopa kuweka mtoto mwingine wa Al-Mutawakkil asije akalipa kisasi. Mshairi mmoja alimfananisha na kasuku kwenye tundu kati ya Wasif na Bugha, anasema wanachomwambia. Mwaka 865 akatoroka kwa mashua kwenda Baghdad, Samarra wakamtoa Al-Mu'tazz kifungoni wakamfanya khalifa, Baghdad ikazingirwa. Al-Musta'in akajiuzulu 866 na akauawa mwaka huohuo. Al-Mu'tazz akafungiwa bila maji hadi akafa, 869. Al-Muhtadi akauawa 870. Makhalifa wanne baada ya Al-Mutawakkil, miaka tisa.

Sasa pindueni kitu kimoja tu, tena kidogo. Ijumaa ile Al-Muntasir asalishe, na amri ya mashamba ya Wasif isitoke. Bugha anabaki na manung'uniko lakini hana mtoto wa mfalme wa kumfungulia mlango.

Al-Mutawakkil alikuwa hajafikisha miaka 40. Mpeni kumi mingine. Jeshi jipya la Ibn Khaqan linakomaa, Waturuki wanakuwa kundi moja kati ya makundi badala ya kuwa kundi pekee. Hakuna kuzingirwa kwa Baghdad. Misri, ambako Ahmad ibn Tulun alipelekwa mwaka 868 kama naibu tu wa baba yake wa kambo kisha akaifanya nchi yake, inabaki inatuma kodi. Na Basra... Basra naiacha kwanza, nataka kuona nani ataiona.

Karibuni.

Nahodha wa Mchana

Nimeweka kambi. Kahawa iko motoni.

Kichwa Ngumu

Mzee umeshusha nondo lakini umeanzia katikati ya sinema. Ugonjwa wa Samarra umezaliwa na Harun mwenyewe, tena akiwa Makka. Mwaka 802 aliwachukua wanawe Hija, akawaandikisha mkataba: Al-Amin khalifa baada yangu, Al-Ma'mun baada ya Al-Amin, na Al-Ma'mun apewe Khurasan, ule mkoa mkubwa wa mashariki, pamoja na jeshi na hazina yake. Hati zikatundikwa ndani ya Kaaba ili mtu aogope kuzivunja.

Wewe fikiria baba anayewaachia watoto nyumba moja, kila mmoja na funguo zake na walinzi wake. Harun amekufa 809, kufika 811 ni vita. Al-Amin akaagiza hati zitolewe Kaaba zichanwe. Baghdad ikazingirwa zaidi ya mwaka. Septemba 813 Al-Amin anajaribu kuvuka mto usiku, mashua inapinduka, anakamatwa na watu wa Tahir, jemadari wa Al-Ma'mun, anakatwa kichwa.

Nini kilikufa naye? Lile jeshi la zamani la Baghdad, wajukuu wa watu wa Khurasan waliowaweka Bani Abbas madarakani. Baada ya hapo khalifa hakuwa na watu wake wa asili, ndiyo maana Al-Mu'tasim akaenda kununua. Kwa hiyo 861 ni mtoto wa 811. Ukitaka dola itulie, hati ile isiandikwe.

Mzee wa Kumbukumbu

Kichwa Ngumu, nakubali nusu. Lakini ukiifuta hati ya Makka lazima uweke kitu mahali pake, na hapo ndipo wengi hukwama. Harun angefanya nini? Kumtaja Al-Amin peke yake? Khurasan ilikuwa inalia miaka mingi kwamba inakamuliwa na gavana Ali ibn Isa kwa faida ya Baghdad. Wangemtafuta Al-Ma'mun hata bila hati. Na tusisahau alikuwa ameshajikata mkono wa kulia mwaka uliofuata, 803, alipowaangamiza Barmaki, ukoo wa mawaziri wake, watu pekee waliokuwa wanazijua ofisi za mashariki na za Baghdad kwa pamoja.

Halafu dola ilikuwa imeshaanza kumomonyoka pembeni bila vita yoyote ya ndugu. Andalusia ilitoka 756. Ifriqiya (Tunisia ya leo na pande zake) mwaka 800 Harun mwenyewe alimkabidhi Ibrahim ibn Al-Aghlab kwa dinari 40,000 kwa mwaka. Hiyo naiita kukodisha, haina tofauti na kumpa mtu daladala akuletee hesabu jioni.

Mimi nachagua 861 kwa sababu ya udogo wa kitu cha kubadilisha. 802 unahitaji Harun mwingine. 861 unahitaji Ijumaa moja.

Mhasibu wa Zamu

Wakuu, mimi kazi yangu ni vitabu vya hesabu, kwa hiyo ruhusuni niingie na kikokotozi.

Mnazungumzia ndugu na matusi, hamzungumzii mshahara. Kila khalifa mpya alipoapishwa, askari walipata posho ya kiapo, nje ya mshahara. Mnaona ilipo hatari? Kwa askari wa Samarra, khalifa anayeishi miaka ishirini ni hasara. Khalifa akifa, kuna bonasi. Mfumo wa malipo wenyewe ulikuwa unawalipa watu waue.

Tena mji wenyewe. Magofu ya Samarra yanafuata mto zaidi ya kilomita 40. Al-Mutawakkil alijenga kasri baada ya kasri, akajenga msikiti mkubwa na mnara wake wa kuzunguka nje, kisha kabla rangi haijakauka akaanza mji mwingine. Nani alilipa? Mashamba ya kusini ya Iraki. Na mashamba hayo yanategemea mifereji, mifereji inataka matengenezo kila mwaka, na fedha ya matengenezo ndiyo ya kwanza kuliwa kukiwa na askari mlangoni.

Kisa kinachonikera kuliko vyote: mwaka 869 askari wanamwambia Al-Mu'tazz, tupe dinari 50,000 tukuache. Anamwendea mama yake, Qabiha, mama anasema sina. Mtoto akafa kwa kiu. Baadaye hazina ya mama ikafukuliwa, zaidi ya dinari milioni moja taslimu, mbali na zumaridi na lulu.

Kwa hiyo dola haikuwa maskini! Ilikuwa na fedha, ila ziko chini ya sakafu ya Bi. Qabiha. Mpeni Al-Mutawakkil miaka kumi mingine na mtampata akijenga kasri la ishirini. Tofauti yake na historia halisi: anauawa 871 badala ya 861.

Nahodha wa Mchana

Hahaha "sina". Kina mama wa hivyo wapo mpaka leo, anakwambia hana hata mia ya sukari, siku ya msiba kitanda kinainuliwa...

Mzee wa Kumbukumbu

Mhasibu umenigonga mahali. Hoja ya posho ya kiapo sikuwa nimeipima hivyo. Lakini hoja hiyo inanisaidia pia: jeshi likiwa kundi moja, posho inaamua. Likiwa makundi matatu yanayochukiana, anayetaka kumuua khalifa lazima awahonge wawili wengine wasimlipie kisasi. Bei inapanda.

Na dawa ilikuwemo ndani ya familia, mbona hamuioni? Abu Ahmad, mtoto mwingine wa Al-Mutawakkil, yule aliyekuja kuitwa Al-Muwaffaq. Mwaka 865 ndiye aliyeongoza jeshi la Samarra kuizingira Baghdad kwa niaba ya Al-Mu'tazz. Maamiri walikula naye, walipigana naye, walimwamini. Kaka yake Al-Mu'tamid alipoapishwa 870, Abu Ahmad akashika jeshi, kaka akabaki na cheo, na machafuko ya Samarra yakaisha. Mwanawe Al-Mu'tadid aliyetawala kuanzia 892 aliisimamisha dola tena, na mwaka 905, enzi ya Al-Muktafi, Misri ikarudishwa mkononi. Kumbe walichokosa ni mwana wa ukoo anayejua harufu ya kambi. Katika historia yangu, Abu Ahmad mwaka 861 ni kijana wa miaka kama 18. Al-Muntasir khalifa, Abu Ahmad amiri jeshi. Sioni kinachokosekana.

Kichwa Ngumu

Kinachokosekana ni kwamba umewapatanisha watoto wa mama tofauti kwenye kasri lenye akina Qabiha.

Bint Shela

Hamjambo nyote. Nasoma tangu mwanzo nikiwa kwenye boti ya kurudi kisiwani, mtandao unakatika kila mkondo.

Mwataja Al-Fath ibn Khaqan kama swahiba wa karamu tu. Mtu huyo alikuwa na maktaba iliyosifiwa, na mwandishi Al-Jahiz wa Basra alimwandikia risala nzima ya kuwasifu askari wa Kituruki, kwamba wao na wengine wote ni jeshi moja la khalifa, wasigombane. Yaani hoja ya Mzee ya kuchanganya makundi ilikuwa mezani wakati uleule. Al-Jahiz huyohuyo aliandika risala nyingine juu ya fahari ya watu weusi kwa weupe, na Wazanji wamo. Yasemekana babu yake alikuwa mweusi. Alikufa Basra karibu na mwanzo wa 869, miezi michache kabla ya yale yaliyotokea Basra.

Nami nataka kuuliza upande wetu. Wakati Samarra wanauana, huku kwetu kulikuwa na watu. Shanga, kisiwani Pate, wachimbaji walikuta misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine, ya chini kabisa ya miti, ya karne ya nane. Mitungi ya Ghuba yenye rangi ya buluu ya kijani imepatikana Shanga, Manda, hadi Unguja Ukuu. Je, dola ikitulia, biashara ya Basra na Siraf, bandari ya Uajemi, ingetushika zaidi? Maana baadaye uzito ulihamia Bahari ya Shamu na Misri ya Wafatimi.

Mzee wa Kumbukumbu

Bint Shela karibu sana, na hongera kwa kuiona risala ile. Jibu langu: sidhani kama mabaharia walisubiri khalifa atulie. Mwaka 916 Al-Mas'udi alisafiri na wenye majahazi wa Oman na Siraf hadi Qanbalu, ambayo wengi wanaidhania kuwa Pemba, na anaeleza pembe za ndovu zinavyokwenda Oman kisha India na China. Hiyo ni baada ya machafuko yote. Kilichohamisha uzito nadhani ni Cairo kukua, tangu 969. Na eneo hilo lilianza kuonja kuwa makao ya dola chini ya Ibn Tulun, kabla Cairo yenyewe haijajengwa. Kwa hiyo ndiyo, 861 ikibadilika, Misri ikabaki mkoa wa kukamuliwa, labda majahazi yangeendelea kuelekea Ghuba karne moja zaidi. Hapo nimetumia "labda" kihalali.

Mchimba Chumvi

Mzee, shikamoo. Mimi si msomi wa mambo haya kama nyie ila umesema Basra umeiacha, na nimesubiri mpaka nimechoka.

Nimekulia kwenye mashamba ya chumvi. Baba alifanya kazi huko, nami likizo za shule nilikuwa nakwangua naye. Ukikaa saa mbili ndani ya yale maji nyayo zinachanika, na ukichanika kila siku inayofuata unarudi kwenye chumvi na kidonda kibichi. Tena sisi tulikuwa tunalipwa, kidogo, ila tunalipwa, na jioni tunarudi nyumbani.

Sasa kule kusini ya Iraki kulikuwa na maelfu ya watumwa, makundi ya mamia mpaka mia tano, wanakwangua udongo wa magadi juu ya ardhi ili ardhi iliyo chini ilimike. Chakula chao unga na tende. Wengi waliitwa Zanji. Wanahistoria wanabishana ni wangapi hasa walitoka pwani yetu na wangapi Habeshi na kwingineko, sawa, wabishane. Lakini jina waliloitwa ndilo hilohilo lililomo ndani ya Zanzibar.

Septemba 869 waliasi. Miaka 14! Walijenga mji wao, Al-Mukhtara, katikati ya mifereji. Wakachukua Al-Ubulla, wakachukua Ahwaz, 871 wakaingia Basra. Mpaka Agosti 883 ndipo huyo Abu Ahmad mnayemsifia akawamaliza.

Swali langu, Mzee: mnaposema dola "itulie", itulie kwa nani? Uzi mzima huu tumemlilia khalifa aliyekunywa mpaka usiku wa manane. Waliokuwa wanalipia hayo makasri, aliyoyataja Mhasibu, ni hao wenye nyayo zilizochanika.

Nahodha wa Mchana

Kahawa imepoa, sijagusa.

Mzee wa Kumbukumbu

Marahaba kijana. Nilikuwa namsubiri mtu aiguse Basra. Sikutegemea angekuja na nyayo zake mwenyewe.

Nikueleze kwa nini niliiacha. Kiongozi wao, Ali ibn Muhammad, hakuwa mtumwa. Alikaa Samarra, mshairi, karibu na watu wa Al-Muntasir. Baada ya mambo kuharibika akaenda Bahrain kutafuta wafuasi, akashindwa. Akaja Basra 868, mji umegawanyika makundi mawili yanapigana mitaani, akajaribu kupenya katikati, gavana akawakamata watu wake pamoja na mkewe, yeye akakimbilia Baghdad. Hadithi ingeishia hapo: mtu mmoja mwenye madai makubwa, familia jela.

Halafu 869, mwaka uleule Al-Mu'tazz anakufa kwa kiu, gavana wa Basra akaondolewa. Makundi ya mtaani yakavunja jela. Watu wa Ali wakatoka. Yeye akarudi, na safari hii hakwenda mjini, akaenda moja kwa moja kwenye magadi.

Umeona mnyororo? Ijumaa ya Al-Muntasir, karamu ya Desemba, Baghdad kuzingirwa, hazina kukauka, gavana kuondolewa, mlango wa jela. Historia yangu ya "utulivu" inaufunga mlango ule wa jela. Wazanji walishawahi kuasi kabla, 689 na tena 694, enzi za Bani Umayya waliotawala kabla ya Bani Abbas, na mara zote dola ilikuwa na mkono huru wa kuwapiga upesi. 869 ilichukua miaka 14 kwa sababu mkono ulikuwa umeshikwa.

Kwa hiyo swali lako nalijibu: ingetulia kwa waliomo kasrini na kwa wenye mashamba. Nilijua hivyo nilipoanza kuandika na nikaona aibu kuanza nalo.

Kichwa Ngumu

Tuwekane sawa hapo, tusije tukawageuza malaika. Ali aliwaahidi mali na watumwa wao wenyewe, na Basra ilipoingiwa 871 watu walichinjwa, wanawake wakauzwa, hata wa ukoo wa Mtume. Utumwa haukufutwa Al-Mukhtara, ulibadilisha mikono.

Mchimba Chumvi

Sijasema malaika. Nimesema walitoka kwenye chumvi.

Bint Shela

Na ilipokwisha, je, waliacha kuwatumia wengi namna ile kwenye magadi?

Mzee wa Kumbukumbu

Makundi makubwa ya watumwa ya namna ile, kwenye kazi ya shamba moja, hayakuonekana tena Iraki kwa kiwango kile. Wasomi wengi wanaunganisha jambo hilo na hofu iliyobaki baada ya 883. Utumwa wenyewe uliendelea, majumbani, jeshini, majahazini.

Mhasibu wa Zamu

Basi niongeze safu kwenye jedwali langu. Upande wa kushoto, historia halisi: makhalifa wanne wamekufa, Basra imeteketea, Misri imejitoa, magadi yameachwa. Upande wa kulia, historia ya Mzee: khalifa anazeeka, Basra inasimama, kodi ya Misri inakuja, watu wanakwangua magadi mpaka 900 na zaidi. Vitabu havilingani, kwa sababu safu moja ya walipaji haijawahi kuandikwa majina.

Mchimba, wewe ungepindua lipi?

Mchimba Chumvi

Mimi ningekuwa mlinzi wa zamu usiku ule, Bugha anakuja na wenzake, ningemsogezea taa aone ngazi.

Nahodha wa Mchana

😂😂 Mzee uzi umekugeuka.

Mzee wa Kumbukumbu

Umenigeuka lakini sijautupa. Nitaleta sehemu ya pili, nianze na gavana wa Basra badala ya khalifa. Sasa hivi nasikia geti, mama watoto karudi na sinia la pilau.

Mgeni wa Kesho

Samahani wakuu nimechelewa, nimesoma yote. Hivi ule mnara wa kuzunguka nje upo au ulibomoka na dola?

Mzee wa Kumbukumbu

Upo, mita 52, unaitwa Malwiya. Mwaka 2005 mlipuko uliumega juu. Kuna mwingine wa kuiga, kwenye msikiti alioujenga Ibn Tulun huko Cairo. Kijana aliondoka Samarra na kumbukumbu za nyumbani.